UZI: Laptopu ya zamani usiiuze bei ya chuma chakavu, weka Puppy Linux kwenye flashi (ila flashi yenyewe ipime kwanza)

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Tangu Microsoft waachane na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 kila siku naona humu mtu anauliza laptopu yangu imegoma Windows 11 niiuze shilingi ngapi. Subiri kwanza usiuze. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4 na nafasi GB 64, na hapo hujafungua hata brauza, sasa kilaptopu cha 2010 kitavitoa wapi vyote hivyo.

Mimi kazi yangu ni fundi wa kompyuta hapa mtaani, watu wa steshenari na wanafunzi nawawekea sana Linux (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) ya kwenye flashi, yaani unachomeka, unawasha, unafanya kazi zako, unachomoa, na Windows ya ndani (kama bado ipo hai) haijaguswa. Na kitu ninachotaka mkielewe kwenye uzi huu ni kimoja tu, wengi wanaosema Linux ya flashi ni nzito au inakufa hovyo shida yao si Linux, shida ni flashi waliyouziwa.

Nitatumia Puppy Linux (aina ndogo na nyepesi ya Linux) maana ndo naijua nje ndani. Ilianzishwa na Mwaustralia mmoja anaitwa Barry Kauler mwaka 2003 na hadi leo wapo watu wanaiendeleza, yeye mwenyewe alishahamia kwenye mradi wake mwingine wa EasyOS. Matoleo ni mengi mno kila mtu anapika lake, kwa hiyo nisiwachanganye: mashine ya 64 biti chukua FossaPup64 9.5 (ISO yake, yaani faili moja lenye mfumo mzima, ni kama MB 400, bando la siku moja linatosha) au BookwormPup64 ambayo ni mpya zaidi na nzito zaidi, imejengwa kwa vifurushi vya Debian 12, aina nyingine ya Linux. Mashine ya 32 biti, mfano vile vilaptopu vidogo vya Atom N270, chukua BionicPup32.

Utamu wa Puppy uko hapa. Ukiwasha, yale mafaili makubwa yenye mkia wa .sfs yanasomwa kutoka kwenye flashi mara moja yanaingia kwenye RAM, na baada ya hapo kila unachofungua kinatoka kwenye RAM, flashi imekaa tu. Ndo maana unaona menyu inafunguka papo hapo hata kwenye mashine ambayo Windows ilikuwa inakuacha ukachemshe chai. Hesabu yake ni nyepesi, flashi inayosoma MB 20 kwa sekunde inamaliza MB 400 kwa sekunde 20 hivi, ukijumlisha na mambo mengine ya kuwaka haifiki dakika na nusu. Ukichukua Ubuntu (Linux nyingine kubwa) ya kawaida ukaisimika kwenye flashi kama vile ni hadi diski, yenyewe kila sekunde inaandika na kusoma humo humo, lazima ikwame na lazima flashi ife mapema.

Sasa twende kwenye flashi. Hizi flashi za bei ya kutupa zinazouzwa barabarani zimeandikwa GB 64 au TB 1 (TB 1 kwa bei ya chipsi mayai, wakuu tuwe serious) nyingi zimechezewa chipu ya ndani. Kompyuta ikiiuliza una ukubwa gani inajibu 64 wakati ndani ina 8. Utakopi vizuri tu, majina ya mafaili yataonekana yote, ukija kuyafungua yaliyopita ile GB 8 ya ukweli hayapo, au mapya yameandikwa juu ya ya zamani. Sasa fikiria hapo umehifadhi kazi zako za Puppy. Siku ya kwanza safi, wiki ya pili haiwaki, halafu unakuja humu kutukana Linux.

Kuipima: ukiwa Windows tafuta programu inaitwa H2testw, ni ya Wajerumani, ukifungua juu kabisa kuna sehemu ya kuchagua lugha weka English, chagua flashi yako, bonyeza Write + Verify. Inaijaza flashi nzima halafu inasoma upya kuhakiki. Ikimaliza na maandishi ya kijani na "without errors" hiyo flashi ni mzima. Ikileta nyekundu na kukuambia kiasi kadhaa kimepotea, umeshajua. Ukiwa Linux ya Ubuntu au Debian fanya hivi

sudo apt install f3
f3write /media/jinalako/flashi
f3read /media/jinalako/flashi

mwisho utaona Data OK na Data LOST, hiyo LOST inatakiwa iwe sifuri. Inachukua muda kweli, flashi ya GB 32 inayoandika MB 5 kwa sekunde ni karibu saa mbili za kuandika peke yake, iache usiku ulale. Na hakikisha ulishatoa vitu vyako humo.

GB 8 ya ukweli inatosha kabisa kwa Puppy, usitafute makubwa.

Kuandika: Windows tumia Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi. Chagua flashi, chagua ISO, kwenye Partition scheme mashine za zamani weka MBR, File system weka FAT32, bonyeza START. Hapo inaweza kukuuliza uandike kwa ISO mode au DD mode, CHAGUA ISO. Ukichagua DD flashi inageuka kama CD, huwezi kuandika kitu kwenye hiyo sehemu, na Puppy itahangaika kutafuta pa kuhifadhi mambo yako. Hapa ndipo wanaotumia Etcher (programu nyingine ya kuandika ISO) wanapokwama, maana yenyewe inaandika kwa mtindo huo huo wa DD bila kuuliza.

Kuwasha: zima mashine, chomeka flashi, washa huku unapiga piga kitufe cha menyu ya kubuti. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP piga Esc halafu F9, Acer F12 (ila kwenye baadhi inabidi kwanza uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, uiruhusu hiyo menyu), laptopu za Asus ni Esc. Mashine zenye Secure Boot (kizuizi cha kuwasha mfumo usiotambulika) inabidi izimwe kwanza, lakini kabla ya kuizima soma post zinazofuata maana kuna mtego, najua mtu atauliza tu.

Ikiwaka itakuletea dirisha la kuseti lugha, saa na kibodi. Saa chagua Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Kila kitu kwa sasa kiko kwenye RAM tu. Siku ya kwanza ukizima ndo itakuuliza unataka kuhifadhi au hutaki, ukikubali inakuuliza wapi, ukubwa gani, na kama unataka kufunga kwa paswedi. Kwenye FAT32 itatengeneza faili moja kubwa na faili haliwezi kuzidi GB 4, anza na GB 1 au 2, baadaye unaweza kuliongeza kutoka kwenye menyu.

Maswali tupieni, nipo.

#2

Kiti cha mbele kabisa. Mkuu nina Dell Latitude E6410 RAM GB 2, itatoboa?

#3 (mleta uzi)

Inatoboa bila jasho, hiyo i5 ya kwanza ina nguvu ya kutosha. Mfumo wenyewe ukitulia unakula RAM kidogo sana, anayekula ni brauza. Nakwambia ukweli GB 2 utafungua tabu tano sita, ukianza YouTube kwenye tabu moja na Google Docs kwenye nyingine na Facebook pembeni itaanza kuhema. Kwa kuandika barua na hesabu tumia AbiWord na Gnumeric zilizomo humo ndani, hizo hata GB 1 hazigusi. Na kama hiyo Dell ina hadi diski bado mzima, tengeneza swap (sehemu ya diski ya kusaidia RAM ikijaa) kwenye hadi diski kwa GParted, programu ya kugawa diski. Usiweke swap kwenye flashi tafadhali.

#4

Kwa nini usiwape watu Ventoy mambo yaishe? Unaiweka mara moja, unakopi ISO kumi humo unachagua unayotaka. Rufus za nini mwaka huu

#5 (mleta uzi)

Ventoy naipenda na ninayo mfukoni sasa hivi, ila naitumia kujaribu na kutengeneza mashine za watu. Kwa mtu anayetaka aishi na Puppy kila siku na kuhifadhi kazi zake, napendelea flashi iwe ya Puppy peke yake, mafaili yake yaonekane wazi, likiharibika jambo unaingia unarekebisha menyu ya kubuti au unabadilisha sfs moja. Ukiwa na ISO ndani ya Ventoy huo uhuru haupo. Ni maoni yangu lakini, anayetaka kujaribu matoleo matano apate moyo wake uko wapi kabla ya kuamua, aanze na Ventoy.

#6

Niko Nairobi, hapa mashine za ex-UK ziko kila kona na ziko poa. Shida yangu ni waifai, nimeweka Puppy kwa HP ya zamani haioni network hata moja, na simu iko hapo hapo inaona. Nimesoma ni mambo ya chipu ya waifai ya Broadcom nikachoka kabisa, natakiwa nidownload driver na sina net ya kudownload hiyo driver sasa ni kuku na yai

#7 (mleta uzi)

Pole ndugu yangu, Broadcom imewaliza wengi, firmware zake (programu ndogo zinazoendesha chipu yenyewe) za chipu za zamani hazikuwa huru kusambazwa ndo maana mara nyingi hazimo. Njia ya mkato ni hii: chukua simu, chomeka kwa waya wa USB kwenye laptopu, kwenye simu nenda hotspot washa USB tethering. Laptopu inaiona simu kama waya wa mtandao wa kawaida. Bonyeza ikoni ya connect pale kwenye dekstopu chagua hiyo, kwa kawaida inaitwa usb0 au eth1, bonyeza DHCP umeshaingia. Halafu ingia kwenye meneja wa vifurushi tafuta firmware ya b43. Na hata ukiikosa, tethering inaendelea kufanya kazi na simu inachajiwa humo humo.

Dongle ndogo za waifai za USB nazo zinasaidia, ila usinunue bila kuuliza chipu yake ni ipi.

#8

Mimi nilitumia hii kwa kitu kingine kabisa. Laptopu ya dada yangu Windows iligoma kuwaka na mafaili ya thesis yote yalikuwa humo, hana bakapu hata moja. Nikawasha kwa flashi ya Puppy, zile ikoni za diski zinakaa chini kushoto, nikabonyeza sda2 (sehemu ya diski yenye Windows), folda ikafunguka Users jina lake Documents, nikaburuta kwenda flashi nyingine. Alilia machozi. Kwa hiyo hata kama hutaki kuhamia Linux hii flashi kaa nayo nyumbani kama kisanduku cha huduma ya kwanza.

#9

Mkuu wa #8 mimi nilijaribu hivyo hivyo diski ikafunguka lakini haitaki kufuta wala kuongeza kitu, inasema read only

#10 (mleta uzi)

Hiyo ni Windows ndo imeifunga. Windows 8 kuja juu ukiizima haizimi kikweli, kuna kitu kinaitwa Fast Startup, inalala nusu, na diski inaachwa kwenye hali ya "bado natumika". Linux ikiona hivyo inakataa kuandika, na inafanya vizuri kukataa maana ingekuharibia. Kukopi kutoka humo hakuna shida. Kama Windows bado inawaka, fungua cmd kwa Run as administrator andika

powercfg /h off

halafu zima, washa kwa flashi, itafunguka kawaida.

#11

Hiyo ya Secure Boot mtego ni upi? Umetuacha hewani

#12 (mleta uzi)

Nilikuwa nasubiri. Laptopu nyingi zilizokuja na Windows 11 na baadhi za Windows 10 diski yake imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data za diski) bila mwenyewe kujua, ilijifunga siku alipoingia na akaunti ya Microsoft. Ukienda BIOS ukazima Secure Boot, siku ukirudi Windows inaweza kukuletea skrini ya bluu inadai recovery key ya tarakimu 48. Kama huna, na kuiwasha tena Secure Boot hakujasaidia, mafaili yako yamekwenda na maji, hakuna fundi wa kuyarudisha, na atakayekwambia anaweza anataka hela yako.

Kwa hiyo KABLA ya kugusa chochote: ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, sehemu ya vifaa, tafuta BitLocker recovery key, iandike kwenye karatasi. Au ukiwa Windows andika manage-bde -status kwenye cmd ya admin uone kama Protection iko On. Ikiwa On unaweza kuisimamisha kwa muda, unabadilisha BIOS, unairudisha. Na kwa diski ya hivyo ile mbinu ya #8 ya kuokoa mafaili haitafanya kazi bila hiyo key.

Mashine za 2010 mpaka 2012 kwa kawaida hayo mambo hayawahusu, endeleeni kwa amani.

#13

Puppy inakimbia kama root (mtumiaji mkuu) muda wote. Hilo mbona hulisemi? Kila programu ina mamlaka yote. Mtu wa usalama hawezi kukubali. antiX, Linux nyingine, ni bora mara mia, nyepesi vile vile, ina mtumiaji wa kawaida, inatokana na Debian, haina systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo) na ina persistence (uhifadhi wa mabadiliko) nzuri kuliko hiyo ya Puppy.

#14 (mleta uzi)

Hoja yako nzito na siipingi. Ni kweli Puppy unaingia kama root, paswedi yenyewe ya kiwandani ni woofwoof inajulikana dunia nzima. Kinachopunguza makali ni kwamba brauza inaweza kuendeshwa kwa mtumiaji mwenye mamlaka madogo anayeitwa spot, na ukiwa na wasiwasi unawasha bila faili lako la kuhifadhi (kwenye menyu ya kubuti kuna chaguo la RAM only, au unaongeza pfix=ram), ukizima kila kilichotokea kimefutika.

antiX naiheshimu sana na mashine ya GB 2 kwenda juu nikimpa mtu anayejua anachofanya nampa hiyo. Akiiwasha anakuta mtumiaji demo paswedi demo, root paswedi root, abadilishe zote mbili siku hiyo hiyo. Ila kwa mzee wa steshenari mwenye GB 1, flashi moja na printa moja, anayetaka kuwasha kuandika kuprinti kuzima, Puppy inamtosha na ISO yake ni ndogo. Bando ni hela.

#15

Wakuu na kwenye cyber je? Nikichomeka flashi yangu kwenye kompyuta ya cyber nikaingia benki niko salama?

#16 (mleta uzi)

Kwanza omba ruhusa kwa mwenye cyber, wengine wamefunga BIOS kwa paswedi na wana haki. Pili, virusi na programu za kunasa maandishi zilizo kwenye Windows yao hazikupati, maana Windows haijawaka. Ile shortcut virus iliyotutesa miaka na miaka nayo kwenye Linux ni faili tu limekaa, unalifuta. Ila kuna vifaa vidogo vinachomekwa kati ya kibodi na kompyuta vinarekodi kila kitufe unachobonyeza, hivyo havijali umewasha nini, na mtandao ni wao. Benki fanyia kwenye simu yako.

#17

Umeme huku kwetu unakatika hovyo. Kama kila kitu kiko kwenye RAM si kazi yangu yote inapotea?

#18 (mleta uzi)

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Ndiyo, ukiwa kwenye flashi Puppy inakusanya mabadiliko kwenye RAM na kuyaandika kwenye faili lako kila baada ya dakika 30 na wakati wa kuzima, inafanya hivyo kuilinda flashi. Pale kwenye dekstopu kuna ikoni imeandikwa save, ukimaliza jambo la maana ibonyeze, ni sekunde chache. Huo muda wa dakika 30 unabadilishwa kwenye Puppy Event Manager, wenye desktopu bila UPS punguzeni, wenye laptopu yenye betri mzima mnaweza kuweka 0 iwe inahifadhi mkitaka nyinyi tu. Mimi hati za wateja siziweki kabisa ndani ya lile faili, naziweka pembeni kwenye flashi hiyo hiyo, folda ya kawaida, kule zinaandikwa moja kwa moja na hata nikiipeleka flashi kwenye Windows zinaonekana.

#19

Nimepima flashi yangu kwa H2testw kama ulivyosema, imeandikwa 32 imeleta nyekundu, ya ukweli ni 7 na kitu. Duka nililonunua wamekataa kurudisha. Nitupe?

#20 (mleta uzi)

Usitupe bado. Zile GB 7 ni za kweli, unaweza kuikata flashi ijulikane kwa ukubwa wake halisi. Ukiwa Linux

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX

(hiyo X ni herufi ya flashi yako, iangalie kwanza kwa lsblk, ukikosea unafuta diski ya laptopu). Ikimaliza itakupa amri ya f3fix yenye namba, ikopi hivyo hivyo uiendeshe, kisha ifomati. Puppy itakaa humo vizuri. Ila chipu zinazowekwa kwenye flashi za aina hiyo mara nyingi ni zile zilizokataliwa kiwandani, kwa hiyo mfumo weka humo, kazi zako nakala nyingine ziwe mahali pengine.

#21

Mimi nilitumia Etcher kabla sijaona uzi huu, sasa Windows inaiona flashi yangu ya GB 16 kama MB mia nne tu na inakataa kufomati. Imekufa?

#22 (mleta uzi)

Haijafa. Fungua cmd kwa admin

diskpart
list disk
select disk 1
clean
create partition primary
format fs=fat32 quick
assign
exit

kwenye list disk angalia safu ya Size, flashi yako ni ile yenye GB 14 au 15 hivi, namba yake ndo uweke badala ya hiyo 1 yangu, usiandike clean kabla hujahakikisha. Baada ya hapo rudi kwenye Rufus uanze upya, ISO mode.

#23

Imekubali mkuu, 14.5 imerudi yote. Sasa hivi Rufus iko asilimia 60, nikikwama kwenye F12 nakuja.